Kompyuta uliyoiunda mwenyewe inaganda? Pima hivi kabla hujanunua kifaa kipya

Wakuu, salaam. Ujumbe ninaoupata ni uleule: "Nimeunda kompyuta, inaganda, shida nini?" Kwa swali hilo sina jibu la mstari mmoja. Ninacho ni mpangilio wa vipimo, kuanzia kisichogharimu kitu hadi kile cha kuazima kifaa. Naandika mara moja, wote msome. Inaniuma kuona mtu kanunua kadi mpya ya michoro kumbe ni kebo iliyolegea.

Sharti: badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uandike saa na ulichobadilisha. Ukihamisha RAM, ukasasisha BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya ubao mama) na ukaweka draiva mpya (programu inayoendesha kifaa) jioni hiyohiyo, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

1. Ijue aina ya kuganda. Ikiganda, bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikibadilika, mfumo bado uko hai. Kwenye Windows jaribu Win+Ctrl+Shift+B, ambayo huiwasha upya draiva ya michoro. Taa isipobadilika, na sauti ikabaki inarudia mlio mmoja, mashine nzima imesimama: shuku RAM, umeme au prosesa. Ikikwama sekunde kadhaa kisha ikaendelea, anza na diski. Ikijizima au kujiwasha upya, huko si kuganda. Nenda hatua ya 4 na ya 6.

2. Soma kumbukumbu za mfumo. Kwenye Windows fungua Event Viewer, inayoonyesha orodha ya matukio na hitilafu. Kernel-Power 41 usihangaike nayo, inasema tu kwamba mashine ilizimika vibaya, haisemi kwa nini. Tafuta WHEA-Logger. Hapo ni vifaa vyenyewe vinaripoti hitilafu.

3. Vumbi na kebo. Zima, chomoa umeme, safisha, kandamiza kila kiunganishi hadi kikae.

4. Joto. Tumia HWiNFO, programu inayoonyesha joto la vifaa. Prosesa nyingi za sasa hujipunguza kasi zikifika nyuzi 95 hadi 100. Ikifika huko wakati hujafungua programu yoyote, vua kipoozeo uone kama utando wa plastiki wa chini uliondolewa.

5. RAM. Hapa ndipo wengi wanapopona. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi, tuseme 6000, huja kwa kuwasha XMP au EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM ulio ndani ya BIOS. Bila hivyo RAM hukimbia kwa kasi ya kawaida, ambayo kwa DDR5 huanzia 4800. Zima XMP, tumia mashine siku mbili. Kisha angalia sloti: kwa vijiti viwili kwenye ubao mama wa sloti nne, mara nyingi ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, lakini kitabu cha ubao wako ndicho chenye neno la mwisho. Halafu weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache imalize mizunguko yote minne. Kosa moja linatosha kuifelisha RAM. Ikifeli, pima kijiti kimoja kimoja. DDR5 ikibadilishwa, mara ya kwanza skrini inaweza kuwa nyeusi dakika kadhaa ubao ukijifunza RAM mpya. Usikate umeme.

6. Pawasaplai, yaani kisambaza umeme cha kompyuta. Someni polepole, hapa niliharibu. Nilishuku pawasaplai yangu imechoka, nikaazima nyingine. Zote mbili zilikuwa za kebo za kuchomoka. Kwa kuwa kebo za zamani zilishapangwa vizuri ndani ya kasha, niliziacha palepale nikazichomeka kwenye ile ya kuazima. Ziliingia bila kulazimishwa. Nilipowasha, diski mbili zilikufa papo hapo, na moja ilikuwa na picha za miaka sita ambazo sikuwa na nakala yake. Upande wa kifaa pini zina kiwango kimoja. Upande wa pawasaplai hakuna kiwango, kila mtengenezaji hupanga atakavyo, na hata matoleo mawili ya mtengenezaji mmoja yanaweza kutofautiana. Diski iliyotarajia volti 5 ikapewa 12.

ONYO: pawasaplai ikihama, ihame na kebo zake zote, hata kama kazi ya kuzipanga upya itakula jioni nzima.
ONYO: usiifungue pawasaplai yenyewe. Kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuichomoa ukutani.
ONYO: kadi ya michoro inayokula umeme mwingi na yenye matundu mawili, ipe kebo mbili tofauti. Usitumie kebo moja yenye vichwa viwili.

7. Diski. Nakili data yako KWANZA, ndipo ufungue CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski. Kwa diski ya SATA, namba ya C7 (hesabu ya makosa ya kupitisha data kwenye kebo) ikizidi kupanda, badilisha kebo kabla ya kuilaumu diski.

8. Linux kwenye flashi. Iwashe bila kuisakinisha, uitumie siku nzima. Ikiganda na huko, kusakinisha Windows upya hakutakusaidia. Isipoganda, shuku Windows, draiva, au diski yenyewe, kwa sababu ukiwa kwenye flashi diski imepumzika.

9. BIOS. Sasisha ukiwa umezima XMP, na umeme uwe wa uhakika. Mashine inayoganda kila baada ya dakika tano usiisasishe ukiwa ndani ya Windows.

Maswali yanakaribishwa.

Swali: Na yangu inaganda. Nifanyeje?
Jibu: Hatua ya 1. Rudi na ulichokiona.

Swali: Mkuu nimesoma, ila nadhani ni kadi ya michoro tu. Niiuze?
Jibu: MemTest86 imesemaje?
Swali: Sijaifanya, inachukua muda mrefu.
Jibu: Inakimbia usiku ukiwa umelala. Sitamshauri mtu auze kadi kwa kudhani.

Swali: Kama XMP ni mbaya, RAM ya 6000 tulinunua ya nini?
Jibu: Sijaandika kwamba ni mbaya. Nimeandika uizime ili upime. Ikibainika ndiyo chanzo, shusha hadi 5600 uwashe tena, huenda ikatulia.

Swali: Samahani kaka, yangu haigandi kwenye michezo mizito. Huganda nikiiacha bila kazi. Nimeandika mara 11, na mara 9 kati ya hizo sikuwa nimeigusa. RAM imepita mizunguko minne. Inawezekanaje igande ikiwa imepumzika?
Jibu: Dada, asante sana kwa kuandika, umenirahisishia kazi. Prosesa isipokuwa na kazi hushusha volti na kulaza viini vyake (vitengo vya ndani vinavyofanya kazi), na hapo ndipo volti iliyopunguzwa kupita kiasi huonekana. Kwenye mzigo mzito kasi inakuwa chini kidogo, kwa hiyo inavumilia. Je, umegusa Curve Optimizer, mpangilio wa prosesa za Ryzen za AMD ambao namba hasi hupunguza volti ya viini? Kama ni Ryzen ya zamani, tafuta pia Power Supply Idle Control kwenye BIOS, uweke Typical Current Idle.
Swali: Niliweka -30 viini vyote, niliona mtu kafanya hivyo kwenye video.
Jibu: Rudisha sifuri, kaa hivyo siku tano bila kugusa kingine.
Swali: Siku tano zimepita, haijaganda hata mara moja!
Jibu: Nimefurahi kweli. Sasa weka -10, ukae wiki, ndipo ushuke zaidi. Viini havilingani, kimoja kinaweza kubeba -25 na jirani yake asibebe -10. Kwa hiyo mwishowe kipe kila kiini namba yake.

Swali: Zile prosesa za Intel kizazi cha 13 na 14, ni kweli zina tatizo?
Jibu: Kweli, na Intel wenyewe walikiri mwaka 2024: volti iliyozidi ilikuwa inazichosha baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo. Walitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Sasisha BIOS leo. Ila marekebisho huzuia uharibifu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Hiyo dai dhamana.

Nyongeza ya msomaji: Kabla ya kuvua kipoozeo kwenye AM4 (soketi ya AMD ambayo pini ziko kwenye prosesa), washa mashine dakika kumi pesti iliyo kati ya prosesa na kipoozeo ilainike, zima na uchomoe umeme, kizungushe kidogo kushoto na kulia ndipo uvute. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nacho na kupinda pini.
Jibu: Ahsante mkuu, hii nilipaswa kuiweka kwenye hatua ya 4.

Swali: Na kama pini zimeshapinda?
Jibu: Chukua kadi nyembamba ya plastiki, ipitishe kati ya mistari ya pini, unyooshe taratibu ukitazama kwa kioo cha kukuzia. Pini moja moja, inyooshe kwa ncha ya penseli ya kubonyeza uliyotoa risasi. Usirudishe nyuma na mbele mara nyingi, itakatika. Na prosesa ikigoma kuingia kwenye soketi, usiisukume. Itoe, tafuta pini iliyobaki imeinama.