Kuinua Hilux na Kufunga Matairi Makubwa kwa Ajili ya Njia za Urambo, Kaliua na Uvinza

Somo hili linahusu Hilux yenye springi za koili mbele na springi bapa nyuma, gari ambalo wengi wetu Tabora na Kigoma tunalitumia kubebea tumbaku, asali na mizigo ya dukani. Lami imefika mbali, lakini ukiiacha barabara kuu kuelekea vijijini wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga huchimbwa mifereji na magurudumu, na difu ya nyuma (boma la gia lililo katikati ya ekseli) ndiyo inayokwama kwenye tuta la katikati. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba springi ndefu huinua bodi na chesisi (fremu ya gari) tu. Difu ya nyuma imeungana na ekseli yake, nayo hupandishwa na tairi peke yake. Kwa hiyo chagua tairi kwanza, kisha inua gari kwa kiasi kile tu ambacho tairi hilo linahitaji.

Hatua ya kwanza: tairi. Tairi la zamani la 205R16 lina kimo cha milimita 740 hivi, na kubwa la 235/85R16 lina milimita 806. Difu hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani karibu milimita 33. Mimi napendelea saizi hii ya 235/85R16 kuliko matairi mapana yanayopendeza macho, kwa sababu ni refu na jembamba, hukata tope hadi kwenye udongo mgumu, na hukaa kwenye rimu ya inchi 6 bila kulazimisha ununue nyingine. Soma pia namba ya uwezo wa kubeba ubavuni mwa tairi. Isiwe chini ya ile ya tairi la awali.

Hatua ya pili: kuinua. Milimita 50 zinatosha. Ukizidi hapo, ekseli za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda mno, na mipira yake ya vumbi huchanika mapema. Weka gari kwenye sakafu ngumu, zuia magurudumu kwa magogo, na uegemeze chesisi kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari. Koili ya mbele ikiwa imebanwa ina nguvu ya kuua, hivyo anayeifungua awe na kibanio maalumu kilicho kizima, au kazi hiyo apewe fundi mwenye nacho. Nyuma, funga springi mpya au ongeza jani moja lenye mkunjo unaofaa, na utumie yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Usipange vipande vya chuma au mbao kimoja juu ya kingine kati ya springi na ekseli. Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya springi) zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira wa bushi hukaa umejipinda na kukatika.

Hatua ya tatu: breki. Hapa ndipo gereji nyingi hupita haraka, nami naomba mtulie. Hilux nyingi zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa mkono mwembamba, ambayo hupima mzigo kwa umbali kati ya chesisi na ekseli. Ukiinua gari, vali hiyo hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umepakia. Rekebisha mkono huo, kisha ning'iniza ekseli na uhakikishe mipira ya breki (ile inayopitisha mafuta ya breki) haivutiki.

Hatua ya nne: kumalizia. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na utazame kama tairi linagusa madigadi. Peleka gari kwenye alaimenti (kupimwa na kunyooshwa magurudumu), kwa kuwa baada ya kuinuliwa usukani hupoteza uthabiti wa kwenda moja kwa moja. Shusha taa za mbele. Kaza nati na yubolti tena baada ya kilomita 100.

Maswali ya wanachama

*Kaliua:* Shikamoo fundi. Je, sasa naweza kuongeza marobota ya tumbaku?

Marahaba. Hapana. Chesisi, ekseli na breki ni zilezile, na shehena iliyokaa juu zaidi hurahisisha gari kupinduka kwenye kona. Uzito ubaki ule wa kiwandani.

*Kasulu:* Kaka, tangu nibadilishe matairi gari linachoka kwenye milima ya Manyovu. Ni injini?

Huenda injini ni nzima, ndugu yangu. Tairi kubwa ni sawa na kuongeza gia, hivyo shuka gia mapema kabla ya kupanda. Kumbuka pia kwamba kipima mwendo kikionyesha 80, wewe uko karibu 87.

*Uvinza:* Naweza kubaki na tairi la akiba la zamani?

Ukiwa na gari la magurudumu manne yanayovuta, usifanye hivyo. Tairi fupi nyuma huilazimisha difu kuzunguka muda wote hata njia ikiwa imenyooka, na ukiingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu, gia za kugawa nguvu hubanwa hadi kuvunjika. Nunua matairi matano.