AND inakunyima nyaraka? Ilegeze hivi

Umesachi hati kwa kuandika mgogoro AND ardhi AND kijiji AND fidia (AND maana yake yote lazima yawepo), sistimu ikakurudishia sifuri, basi usiamini haraka kwamba hamna kitu humo. AND ni kali mno, hati ikikosa neno moja tu kati ya manne inatupwa nje sawasawa na ile isiyo na hata moja, na hapo ndipo tunapopoteza vitu vya maana. Mwaka 1985 watafiti Blair na Maron walipima sachi za mawakili kwenye hati kama 40,000, mawakili wakaamini wamepata asilimia 75 ya zinazohusika kumbe ni kama 20 tu!

Anza na maneno yenyewe. Kiswahili kinabadilika mbele ya neno kwahiyo nyota (*, inayosimama badala ya herufi zozote) ya mwishoni waliyozoea Waingereza haitusaidii sana, sisi tunaihitaji mwanzoni: *gogoro inabeba mgogoro na migogoro. Lakini angalia, *jiji* itakuletea vijijini na pia jiji la Dar es Salaam lote, so andika ?ijiji* maana alama ya kuuliza inashika herufi moja tu, unapata kijiji, vijiji, kijijini, vijijini, jiji linabaki nje. Lucene, injini ya sachi iliyo ndani ya Elasticsearch na Solr, kwa kawaida inakataa nyota au alama ya kuuliza mwanzoni mpaka uiruhusu kwenye setingi, na kwenye mafaili mengi inakuwa slo, ikikushinda orodhesha tu: (kijiji OR vijiji OR kijijini OR vijijini). Visawe navyo vitie kwenye mabano, (ardhi OR shamba OR mashamba OR kiwanja OR viwanja).

Sasa yale makundi manne, moja kwa kila neno la mwanzo, usiyafunge kwa AND. Kwenye Elasticsearch yaweke ndani ya should (sehemu ya masharti yasiyo ya lazima) halafu minimum_should_match iwe 3, kwenye Solr ni mm=3, yaani matatu kati ya manne yanatosha, na hati yenye yote manne kwa kawaida inapanda juu. Kwangu mimi hii ndo hatua yenye faida kuliko zote. Kama ardhi ndo roho ya swali lako ipe uzito, ardhi^3.

Wanaojenga sistimu yao wenyewe waangalie njia ya Salton, Fox na Wu ya 1983, hati inapewa maksi badala ya ndiyo au hapana na ukali unaupanga kwa namba inayoitwa p. Ukiweka p=2, maneno mawili ya uzito sawa, hati yenye moja tu inapata 0.29 kwa AND na 0.71 kwa OR. Ukiipandisha p sana AND inarudi kwenye ukali wake wa zamani, ukiishusha mpaka 1 AND na OR zinatoa maksi zilezile.

NOT iogope kabisa, ukiandika NOT mirathi unaua hata hukumu iliyoitaja mirathi mara moja kwa kupita. Elasticsearch ina kwiri ya boosting, inayopunguza maksi badala ya kufuta, mirathi iweke upande wa negative na negative_boost iwe 0.5, hati inashuka chini ila bado utaiona.