Somo: Kuchora ukuta wa pamoja kwenye mtaa wa watu mchanganyiko, Kigoma

Somo hili linaufaa mtaa kama wa Ujiji, ambako Waha, Wamanyema, Wabembe na waliotoka Burundi wanachota maji bomba moja, ila msibani kila kundi lina mkeka wake. Kazi ni ukuta wa mita 6 kwa 2.5, watu 20, wiki nne.

Neno moja kabla ya yote: ukuta usigawanywe kwa kabila. Ukishawapa hawa mita mbili na wale mita mbili, umechora mpaka.

1. Ruhusa na msimu
Barua ya mwenye ukuta, muhuri wa mtendaji wa mtaa, nakala kwa afisa utamaduni wa manispaa. Barua itaje picha itakaa muda gani na nani ana haki ya kuifuta. Panga kazi kati ya Juni na Septemba. Mvua zikianza, rangi ya maji huchuruzika kabla haijashika.

2. Baraza, mara mbili
Gawa watu duara mbili za watu 10, kila duara mchanganyiko. Saa 10 jioni hadi 11:30, isiwe siku ya gulio. Mikeka kwa wote au viti kwa wote. Wazee wakikaa vitini na vijana chini, vijana watabaki wasikilizaji.

Kila mtu aje na kitu cha nyumbani: kanga, chungu, kipande cha wavu, chupa ya mawese. Akieleze kwa dakika mbili. Anayefuata, kabla ya kuonyesha chake, arudie alichosikia mpaka mwenye kitu aseme "ndivyo". Msiruke hapa hata muda ukibana. Wengi hurudia walichodhani badala ya walichoambiwa, wanasahihishwa, watu wanacheka, na ndipo mazungumzo yanapoanza.

Swali la baraza la kwanza liwe jepesi: chakula gani ulikizoea kwa jirani wa kabila lingine? Baada ya siku saba, lije zito: wenzako wanakuita jina gani usilolipenda? Ukilitanguliza hilo, watu wataaga kwa adabu na hawarudi. Na swali la nani alifika Ujiji kwanza liacheni kabisa. Wamanyema walikuja kutoka mashariki ya Kongo enzi za misafara ya karne ya 19, wakakuta wenyeji, na kila mzee ana ushahidi wake. Jioni itaishia hapo.

Mkalimani wa Kiha au Kibembe atafsiri sentensi kwa sentensi. Mzee akiongea dakika tatu, kisha mkalimani akasema "amefurahi kuwaona", mzee anajua kakatwa.

Karani aandike vitu vinavyoonekana tu: samaki kama migebuka, mtumbwi, taa za wavuvi usiku, reli. Meli ya Liemba, iliyoshushwa ziwani 1915, huenda ikatajwa na kila upande. Ikitokea hivyo, ipeni katikati. "Umoja" hauchoreki. Mkiona mchoro umejaa mikono iliyoshikana, baraza halikuzaa kitu, rudini mkekani.

3. Kuandaa ukuta
Kwangua, osha, acha ukauke siku mbili. Plasta mpya isubiri siku 28, la sivyo chumvi ya saruji itatoka kama unga mweupe na kuisukuma rangi. Paka rangi nyeupe ya maji, ya nje, mikono miwili, yaani ukuta wote mara mbili. Ukuta ni mita za mraba 15, kwa hiyo mnapaka 30; lita moja hufunika kama 8, galoni ya lita 4 inatosha kwa shida. Plasta ikiwa ya kukwaruza, chukueni mbili.

Za kuchorea: bluu, njano na nyekundu lita moja moja, nyeusi nusu lita, nyeupe lita 4 za kuchanganyia.

4. Miraba
Chora picha kwenye manila, sentimita 60 kwa 25, miraba ya sentimita 5. Ukutani piga miraba ya sentimita 50 kwa uzi wa mwashi uliopakwa chaki: vuta, achia. Mnapata miraba 60. Msitumie kalamu ya wino mzito, itapenya juu ya rangi. Mkaa nao huchafua njano.

Sasa pigeni kura ya jozi: wawili wasiozungumza lugha moja nyumbani. Jozi 10, miraba sita kila moja, isiyopakana. Mkono wa mvuvi utaanzia kwenu na kuishia kwa jirani, na mstari usipokutana lazima mtu ashuke ngazi akaulize. Kila rangi mliyochanganya itosheleze sehemu yake yote, ikae kwenye kopo lenye mfuniko. Ya pili haifanani kamwe. Rangi ya ngozi za watu ichanganywe mbele ya wote. Huko ndiko ugomvi hujificha.

Ukuta unaotazama ziwani hupigwa jua la mchana. Uchorwe asubuhi, kabla brashi haijaanza kukauka mkononi.

Maswali ya wanachama, kila moja na mahali lilikotoka

*Kasulu: Shikamooni. Tunataka kuwaalika vijana wa kambi ya Nyarugusu. Waje tu?*
Marahaba. Hapana, mwanangu. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Anzeni na ofisi ya mkuu wa kambi mapema, au mchore ubao huku na huku, mbadilishane.

*Gungu: Wachoraji wa Tingatinga wanatumia rangi ya mafuta. Kwa nini sisi tusitumie?*
Wao walianza 1968 kwa kuchora juu ya ubao, si ukutani. Ukuta wenye unyevu kutoka chini ukifunikwa kwa mafuta, unyevu hukosa njia na rangi hutoa malengelenge. Mkichora ubao, tumieni.

*Mwanga: Mfadhili anataka nembo yake iwe kubwa, juu kulia.*
Mpeni mraba mmoja wa chini, naye apige kura kama wengine.

*Uvinza: Watu wa jozi moja hawaongei kabisa. Tuwatenganishe?*
Subirini mpaka mraba wa tatu. Wapeni brashi moja na kopo moja.