Kupima rangi ya soda ya orenji kwa elektrodi

Rangi ya soda nyingi za orenji ni E110, Sunset Yellow, na kuipima hakuhitaji mashine ya mamilioni, potenshiostati ndogo (kifaa kinachodhibiti volti na kupima mkondo) ya kuchomeka kwenye laptop inatosha, pamoja na elektrodi tatu: ya kaboni ya kupimia, ya rejea (fedha na kloridi ya fedha) na waya wa platinamu wa kufunga saketi. Ukipandisha volti, rangi inafika mahali inaachia elektroni, kwenye grafu ya mkondo kinatokea kilima, na kadiri rangi ilivyo nyingi ndivyo kilima kinavyokuwa kirefu.

Anza kwa kusugua ile kaboni, wengi wanalipua hapa. Unga wa alumina wa maikroni 0.05, tone la maji, sugua kwa kuchora namba nane mpaka ing'ae, suuza. Halafu rudia kila baada ya kupima, maana mabaki ya rangi yanagandia na kilima kinazidi kufupika we unadhani rangi imepungua.

Soda itoe gesi kwanza, mapovu yakikaa kwenye elektrodi mstari unarukaruka. Mililita 1 ya soda, jaza bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayoshikilia pH isibadilike) mpaka mililita 10, pima kutoka volti 0.4 hadi 1.2. E110 inatokea karibu na 0.7, ukiona kingine karibu na 1, shuku tatrazini, E102, rangi nyingine ya njano.

Sasa usije ukalinganisha na rangi uliyoyeyusha kwenye maji matupu! Sukari na mengine yaliyomo kwenye soda yanavuruga mkondo, kwa hiyo ongezea rangi unayoijua humohumo kwenye sampuli. Tuseme kilima kina urefu wa maikroampia 2, ukadondoshea rangi safi ya kuongeza maikromola 4 kwa lita, kilima kikapanda mpaka maikroampia 4. Basi mwanzo ilikuwepo maikromola 4 vilevile, mara 10 ya kuzimua ni 40, mara 452 ya uzito wa mola ni maikrogramu 18,080, kama miligramu 18 kwa lita. Ongezea tena mara tatu nne uchore mstari, nukta moja haitoshi. Kiwango salama ni miligramu 4 kwa kilo ya mwili kwa siku, mtoto wa kilo 20 ni miligramu 80, yaani zaidi ya lita 4 za soda hiyo (sukari itamuwahi kabla).

Pilipili ya unga ni habari nyingine, kule unasaka Sudan I, rangi ya viwandani, haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo iloweke pilipili kwenye ethanoli kwanza, na kwa kuwa hairuhusiwi kabisa kwenye chakula, hata kilima kidogo ukishakithibitisha ni kesi.