Kupiga picha safi ya posti ya mtandaoni kwa amri moja

Picha ya skrini ya simu hubeba mengi usiyoyahitaji: kiwango cha betri juu, vitufe chini, posti za watu wengine zikichungulia pembeni, na pengine arifa ya meseji binafsi iliyoshuka wakati huohuo. Ukiwa na posti 20 za kuweka kwenye ripoti, utakata kingo kwa mkono mpaka jioni na bado hazitalingana. shot-scraper hulimaliza jambo hili. Ni programu ya bure aliyoitoa Simon Willison mwaka 2022. Huendesha kivinjari cha Chromium kimyakimya kupitia Playwright (zana ya kukiongoza kivinjari kwa msimbo), na kukupa kipande cha ukurasa ulichokitaja tu.

Inahitaji Python. Kwenye Ubuntu na Debian za karibuni, pip ya kawaida (kisakinishi cha programu za Python) hugoma kugusa Python ya mfumo, kwa hiyo tumia pipx, inayoipa kila programu sehemu yake, na uandike amri hizi kwenye terminali:

```
pipx install shot-scraper
shot-scraper install
```

Amri ya pili ndiyo inayoshusha kivinjari chenyewe, zaidi ya MB 100, basi usiianzishe ukiwa na bando la mwisho. Watu wengi huiruka, kisha wanashangaa kuambiwa kivinjari hakipo.

Sasa siri ya picha safi: usipige ukurasa wa kawaida wa posti. Ukurasa huo una menyu, mabango ya kukutaka ujisajili na majibu ya watu. Piga ukurasa wa kupachika, ule ambao tovuti za habari huuweka ndani ya makala zao, kwa sababu umetengenezwa uoneshe posti peke yake. Kwa Telegram unaongeza `?embed=1` mwishoni mwa anwani ya posti ya chaneli ya wazi (weka jina la chaneli mahali pa CHANELI na namba ya posti mahali pa NAMBA):

```
shot-scraper 'https://t.me/CHANELI/NAMBA?embed=1' \
  -s '.tgme_widget_message' --width 600 --retina -o posti.png
```

Kwa Mastodon unaongeza `/embed`. Kwa X unachukua namba ndefu iliyo mwishoni mwa linki ya posti:

```
shot-scraper 'https://platform.twitter.com/embed/Tweet.html?id=NAMBA&theme=light' \
  -s article --width 600 --wait 4000 --retina -o posti.png
```

Zile alama za nukuu kuzunguka anwani si mapambo. Bila hizo, Bash (programu inayosoma amri zako kwenye terminali) ikikutana na `&` huikata anwani hapohapo na kuitupa amri nyuma ya pazia; zsh ya kwenye Mac nayo ikiona `?` hudhani unatafuta faili, ikakwambia haikulipata.

`-s` ni selekta, yaani jina la kisanduku unachokitaka ndani ya ukurasa. Kwa X shika `article`, na usitumie yale majina marefu ya herufi zilizochanganywa unayoyaona ukikagua ukurasa: huzalishwa na mashine na hubadilika tovuti ikisasishwa, na amri iliyofanya kazi jana inakufa leo. `--retina` huzidisha pikseli mara mbili, hivyo posti yenye upana wa pikseli 550 hutoka na 1100, na maandishi hayafifii yakichapwa. `--wait` ni milisekunde. X hujenga posti kwa JavaScript baada ya ukurasa kufunguka, kwa hiyo ukipiga haraka unapata duara tupu mahali pa picha ya mtu. Intaneti ikiwa nzito, panda hadi 8000.

Kama amri inasubiri weee kisha inakata kwa kosa la muda, mara nyingi selekta haikupatikana. Kabla ya kuilaumu programu, fungua anwani ileile kwenye kivinjari chako: huenda posti imefutwa au akaunti imefungwa.

Kwenye seva ya Linux kuna mitego miwili. Emoji zikitoka kama visanduku vitupu, fonti haipo: `sudo apt install fonts-noto-color-emoji`. Wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa picha huonekana nzuri kabisa. Seva nyingi huenda kwa saa za UTC, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Posti iliyowekwa saa saba usiku tarehe 5 itaoneshwa kama ya saa nne usiku tarehe 4. Katika habari za uchaguzi au za mahakamani, siku moja hiyo inaharibu kila kitu. Tanguliza ukanda wa saa mbele ya amri:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam shot-scraper ...
```

Posti zikiwa nyingi, ziandike kwenye faili la `posti.yml`, kisha endesha `shot-scraper multi posti.yml --retina`:

```
- url: https://t.me/CHANELI/NAMBA?embed=1
  selector: .tgme_widget_message
  width: 600
  output: 01-chaneli.png
```

Mtu wa kawaida asiyehusika na habari yako, mfiche. Kwenye Telegram, `-j` huendesha JavaScript kabla ya picha kupigwa:

```
-j "document.querySelectorAll('.tgme_widget_message_user, .tgme_widget_message_author').forEach(e => e.style.visibility='hidden')"
```

Kuficha ni salama kuliko kutia ukungu, maana ukungu hafifu bado huacha sura ikitambulika.

Lakini uone pia maana ya uwezo huo: mstari kama huu unaweza kubadilisha maneno ya posti, na picha isioneshe kovu lolote. Ndiyo maana picha peke yake haithibitishi kitu. Siku unapoipiga, hifadhi linki ya awali, tuma ukurasa kwenye web.archive.org/save, na uandike matokeo ya `sha256sum posti.png` pamoja na tarehe. Matokeo hayo ni hashi, yaani alama ya kidole ya faili. Hashi haithibitishi kwamba posti ni ya kweli. Inathibitisha tu kwamba faili halijaguswa tangu ulipolihifadhi.

Kwa kurasa zinazodai uingie kwanza, `shot-scraper auth https://ANWANI auth.json` hufungua dirisha. Ingia, rudi kwenye terminali ubonyeze Enter, kisha ongeza `-a auth.json` kwenye amri zako. Faili hilo ni sawa na nywila: anayelipata anaingia kwenye akaunti bila kuulizwa chochote. Lipe `chmod 600` ili usome wewe tu, lisiingie kwenye Git (hifadhi ya msimbo), na utumie akaunti ya kazi, si yako binafsi.