Kabla Hujainua Pikapu Yako Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Kabla hujagusa spana ili kuipandisha pikapu yako iwe juu zaidi kutoka ardhini, lala chini ya gari na ujiulize ni wapi hasa linapogusa. Kama bampa la mbele ndilo linalokwaruza mlango wa kivuko unapovuka Kamanga, au ngazi za milango ndizo zinazogonga mawe kwenye vichochoro vya milimani, kupandisha springi kutakusaidia. Kama difu, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya magurudumu, ndiyo inayolima tope jeusi la mbugani ukielekea Magu wakati wa masika, springi mpya hazitakupa hata sentimita moja, kwa sababu difu imekaa kwenye ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, na kimo cha ekseli huamuliwa na tairi peke yake. Ukiweka tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa inchi 2, difu hupanda inchi 1, na hapo ndipo mwisho wake. Nimewaona watu wakitumia fedha za ada ya watoto kununua springi, kisha wakarudi kukwama palepale walipokwama mwaka uliopita, safari hii wakiwa wamekwama juu zaidi.

Ninayoyaandika hapa yanahusu pikapu zenye springi za majani na ekseli nzima mbele na nyuma, kama zile Hilux za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 2.8, ambazo mpaka leo zinabeba dagaa, mbao na saruji pande zetu. Kama yako ina torsheni baa mbele, yaani fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi za majani, mpelekee fundi anayezijua, kwa maana huko mahesabu ni mengine.

Tafuta mahali tambarare. Najua kwamba katika mji huu wa Mwanza maneno hayo ni rahisi kuyasema kuliko kuyatimiza, maana nyumba zetu nyingi zimepandia mawe na uani kwetu hata mpira wa mtoto hautulii, lakini ni heri kuomba uwanja wa jirani kwa siku mbili kuliko kuinua gari la tani moja na nusu kwenye mteremko. Kumbuka pia kwamba breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukishayainua hayo kutoka ardhini, haishikilii kitu chochote. Weka vigingi mbele na nyuma ya matairi yanayobaki chini, na uweke stendi za chuma chini ya fremu. Matofali ya saruji hayafai hata kwa dakika tano, kwa sababu tofali halipindi kwanza ili likuonye. Hupasuka mara moja.

Siku tatu kabla ya kazi, anza kulowesha nati zote kwa mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni. Pini za shakeli, yaani vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi, ndizo zitakazokuchelewesha, kwa kuwa hugandamana na bomba la chuma lililomo ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye tundu la springi, na mara nyingi mwisho wake ni kukatwa kwa grinda. Ukifikia hapo, angalia tangi la mafuta liko wapi na bomba za breki zinapita wapi kabla cheche hazijaanza kuruka, na uwe na ndoo ya mchanga karibu. Sentabolti, ile inayoyafunga majani pamoja katikati, usiifungue kamwe bila kuyabana majani kwanza kwa vibano imara, kwa sababu majani hayo yamekunjwa kwa nguvu na yanasubiri nafasi ya kunyooka.

Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, nunua mpya. Za zamani zilikwisha kuvutika siku zilipokazwa mara ya kwanza, na ukizirudisha zitaonekana zimekaza huku zinalegea. Unapozifunga, hakikisha kichwa cha sentabolti kimezama kwenye tundu lake juu ya ekseli. Kisipozama, ekseli itateleza siku moja na gari litaenda upande kama kaa. Kipande cha chuma cha kuinulia kati ya springi na ekseli kinaweza kuvumilika nyuma, kikiwa kimoja. Mbele usiweke kabisa, na wala usipange viwili kimoja juu ya kingine, hata kama umeliona gari la mtu limefanyiwa hivyo na bado linatembea. Kuhusu springi za zamani kupelekwa kupindwa upya kwa nyundo, maoni yangu ni kwamba unanunua miezi michache tu. Chuma kilichochoka hurudi kulala.

Shokapu nazo lazima ziongezeke urefu kulingana na kimo ulichoongeza. Shokapu fupi hugeuka kuwa kamba inayoizuia ekseli isishuke, na baada ya kuvutwa mara nyingi hung'oa mahali ilipofungwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote na ambalo hutalikuta ndani ya boksi la springi: hozi ya breki ya nyuma, ule mpira mmoja unaounganisha bomba la breki la kwenye fremu na lile la kwenye ekseli. Mimi na mdogo wangu tuliinua pikapu yangu hapa Buhongwa kwa siku mbili, inchi mbili na nusu, na kazi ikapendeza macho. Jumatatu nilishuka nayo mjini, breki zikashika vizuri kabisa, na wiki nzima nilizunguka kwenye lami nikijihesabu fundi. Jumapili iliyofuata mama yangu mkubwa, ambaye hununua dagaa wakavu Kayenze, aliniomba nimsindikize kuchukua mzigo wake.

Tulipokuwa tunakwenda, gari likiwa tupu, gurudumu la nyuma la kulia liliingia kwenye korongo dogo lililochimbwa na maji ya mvua katikati ya barabara ya vumbi. Gari liliinama, ekseli ikaning'inia upande mmoja, kisha tukatoka. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayealisha kidole, nikadhani ni jiwe limeruka. Tulifika, tukapakia magunia kumi na mawili, tukaanza kurudi. Kwenye mteremko wa kwanza wenye mawe nilikanyaga breki ikashika. Nilipokanyaga mara ya pili pedali ilishuka kuliko ilivyozoea, na mara ya tatu ikagota sakafuni.

Breki za pikapu hizi zimegawanywa, sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma, kwa hiyo ya nyuma ikifa ya mbele hubaki. Lakini mguu hufika karibu na sakafu kabla haujakuta kitu cha kushika, na gari lenye mzigo kwenye mteremko halikusubiri umalize kushangaa. Nilirudisha gia ya pili, kisha nikailazimisha ya kwanza mpaka gia boksi ikalia, huku nikipampu pedali na kulisugua tairi la kushoto kwenye kingo ya udongo. Gari lilisimama hatua chache kabla ya mwamba mkubwa kama kibanda cha wakala wa pesa. Mama mkubwa alishuka, akafunga kanga yake upya, akalizunguka gari lote kimya kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, gari umelipandisha wewe. Breki ulimwachia nani?"

Nililala chini kutazama. Hozi ilikuwa imechomoka nusu kwenye kichwa chake cha chuma, na nyuzi nyeupe za ndani ya mpira zilikuwa zimetokeza nje kama utambi. Mafuta ya breki yalikuwa yameteremka juu ya difu na kuchora mstari safi kwenye vumbi. Korongo la asubuhi ndilo lililoivuta na kuijeruhi. Mguu wangu jioni ulimalizia tu.

Kosa langu lilikuwa kuipima hozi gari likiwa limesimama kwa matairi yote manne. Katika hali hiyo uzito wa gari umezikandamiza springi, ekseli iko karibu na fremu, na hozi inaonekana ina nafasi ya kutosha. Urefu wa kweli huonekana ekseli inaponing'inia. Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, inua gari kwa fremu mpaka matairi ya nyuma yaache ardhi, chukua futi, na upime kutoka pale hozi inapofungwa kwenye fremu hadi pale inapofungwa kwenye ekseli. Ongeza inchi unazokusudia kupandisha, kisha ongeza upana wa vidole viwili vya ulegevu. Huo ndio urefu wa hozi utakayoitafuta dukani, na uende na ile ya zamani mkononi ili nyuzi za nati zilingane. Kazi ikiisha, rudia kipimo: inua pande zote mbili, halafu upande mmoja tu ili ekseli ipinde, na mbele uzungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, huku mtu mwingine akitazama kama kuna hozi inayovutika au inayosuguana na tairi. Wapo wanaoshusha kishikio cha hozi kwenye fremu kwa kipande cha chuma, na hilo linakubalika kama bomba la chuma halikupindwa kwa nguvu mpaka likapata ufa. Kuunga hozi kwa kipande cha mpira na klipu hakukubaliki popote, hata kwa kufikia nyumbani. Baada ya hapo toa upepo ulioingia kwenye bomba za breki, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki, na utumie mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa yake.

Palepale nyuma kuna kitu kingine nilichokigundua kwa kuwa tu nilikuwa nimelala chini siku hiyo. Pikapu nyingi za aina hii zina valvu ndogo iliyofungwa kwenye fremu, ikiwa na fimbo ndefu inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likielemewa, fremu husogea karibu na ekseli, fimbo husukumwa, na valvu huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukiinua gari bila kuigusa, umeidanganya. Itaamini kwamba gari ni tupu hata ukipakia saruji mpaka juu, breki za nyuma zitafanya kazi nusu, na pedi za mbele zitaisha upesi huku pua ya gari ikizama kila unaposimama. Dawa yake ni kupandisha kishikio cha fimbo kilichopo kwenye ekseli kwa kimo kilekile ulichoongeza kwenye springi. Usiing'oe valvu hiyo kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, kwa sababu siku ya mvua, gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yatafunga mapema na utajikuta umeangalia ulikotoka.

Tangu hapo nimeacha kuhesabu springi kuwa ndiyo kazi yenyewe. Kazi ni kila kitu kinachotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli, nawe ukipitie kimoja kimoja kwa mkono: nyaya za breki ya mkono, kijibomba cha kupumulia cha difu, propela, yaani ule mti wa chuma unaozungusha difu kutoka kwenye gia boksi. Propela ikipata pembe kali itatetemesha gari ukifika mwendo fulani, na ikivutika sana inaweza kubaki imeshikana kwa kipande kifupi tu pale kwenye meno yake ya kuteleza. Ukisikia mtetemo ambao haukuwepo, usiuzoee.

Nati za bushi za springi zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limekaa kwa uzito wake, la sivyo mpira utakuwa umejipinda muda wote na utachanika kabla ya wakati. Taa za mbele zishushe. Zitakuwa zinawapiga wenzako usoni. Stelingi ipelekwe kupimwa kama magurudumu yamenyooka. Mtaarifu wakala wa bima kwamba gari limebadilishwa, na umwulize kwa maandishi, ili siku ya ajali pasiwe na mjadala. Baada ya kilomita 500 kaza yubolti upya, ukirudi kutoka shamba zitazame tena, na ukipita kwenye maji mengi zitazame tena.

Kwenye kona punguza mwendo kuliko ulivyozoea, hasa ukiwa na magunia yaliyopangwa juu, kwa maana uzito wote umepanda pamoja na gari. Kijana anayekusaidia kuliendesha naye aambiwe hivyo, tena aambiwe kabla hajakabidhiwa ufunguo. Shemeji akija kuliazima Jumamosi kupeleka watu kwenye harusi Sengerema, mwambie liko gereji.