Jinsi ya Kutumia Fonti za Aina ya Didot na Bodoni kwenye Vichwa vya Habari
Fonti (mitindo ya herufi) ambazo mistari yake minene na myembamba hutofautiana sana, kama zile za wachapaji Firmin Didot wa Paris na Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, hupendeza zikiandikwa kwa ukubwa. Zitumie kwenye majalada na vichwa vya habari, ikiwezekana kuanzia pointi 36 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), kwa kuwa zikiwa ndogo mistari myembamba na vijimkia vya kwenye ncha za herufi hufifia, hasa kwenye karatasi inayofyonza wino. Herufi ndogo (a, b, c) zisogeze karibu kidogo. Herufi kubwa (A, B, C) zipe nafasi kati yake. Usiziweke juu ya picha yenye mambo mengi, maana uzuri wake wote umo katika wembamba huo, nao huhitaji usuli mtulivu. Maelezo marefu yaandikwe kwa fonti nyingine.